Vidole Viwili Kwenye Kiwiko

Mawifi tuna sifa mbaya, na mimi sitapoteza muda kujitakasa. Lakini safari hii si mimi niliyewasha moto. Moto uliwashwa na mteja, tena akiwa amenyoosha mikono juu anapimwa kifua.

Mke wa kaka yangu ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kiwanda: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na kiti changu karibu na dirisha, maana tangu niachike nimerudi kwa kaka, na kazi yangu ni vifungo na pindo. Kaka mwenyewe yuko kivukoni. Ni mshika mnyororo. Kivuko kikikaribia gati abiria wote hujazana mbele kana kwamba ng'ambo kunagawiwa dhahabu, na kinachowatenga na maji ni mnyororo mmoja tu. Kaka husimama penye ndoano yake, uso kwa abiria, mgongo kwa maji. Hawapi mgongo abiria hata siku moja. "Ukigeuka tu," husema, "wa kwanza keshainama anapita chini."

Sasa mtu aliyeyapa maji mgongo atajuaje kama kivuko kimefika? Mbele kuna bati zito linaloshushwa juu ya gati ili watu na magari wapite. Wenyewe wanaliita ulimi. Ulimi ukitua sawasawa, mshika kamba aliye nchi kavu hupaza sauti: "Imekaa!" Hapo ndipo kaka anafungua ndoano. Kabla ya hapo, hata uje na tai na dereva, utaambiwa neno lilelile. Subiri. Ndiyo maana watu wakampa jina la Bwana Subiri. Miaka yote aliyofanya kazi pale hakuna aliyelowa hata kisigino, na abiria walimzoea kiasi kwamba hawakuangalia tena maji. Waliangalia mnyororo. Ukianguka, wanatembea.

Basi yule mteja, mikono juu, akasema, "Fundi, mumeo ana bahati kazini. Yule dada wa tiketi anamjali kweli."

"Anamjalije?" wifi akauliza, pini mdomoni.

"Sijui mimi. Kila tukitaka kushuka, lazima aende kusimama ubavuni kwake amguse kiwiko. Sijasema kitu, fundi. Nasema nilichoona."

Huyo ndiye mtu wa kuogopa, yule anayesema hajasema kitu. Wifi alimaliza kupima, lakini nilipoangalia baadaye, kifua na kiuno alikuwa ameviandika sawa. Mama wa watu angeshonewa gunia.

Niseme ukweli, wifi yangu alikuwa mwenye kushuku hata kabla ya hapo. Akinunua uzi huufungua dukani autazame mwisho wake. Akisifiwa, huuliza unataka nini. Mteja alipotoka tu, akavua miwani ya kazi, akaanza kunisomea mashtaka ya kaka yangu kama hakimu aliyeshiba.

"Simu yake, wifi. Siku hizi haina sauti. Anaiweka mfuko wa kifuani, inatetemekea humo. Ikipigwa anaitazama tu mpaka ikate, halafu anatoka uani anaandika ujumbe. Mtu safi anaogopa nini kupokea simu mbele ya mkewe?"

Nikakata uzi kwa meno.

"Nikimsemesha kutoka jikoni, hajibu. Nimegeuka kuwa redio ya jirani. Nikimsogelea, ananikodolea mdomo kama anayenihesabu meno. Tukicheka mezani, yeye anacheka wa mwisho, anacheka ya kwake moyoni. Na sauti! Ananifokea hata akiomba chumvi. Zamani mtu huyu alikuwa akininong'oneza."

"Kaka yangu hawezi," nikasema. "Tangu utotoni akificha hata kipande cha sukari jasho linamtoka."

"Damu nzito kuliko maji. Mtetee." Akarudi kwenye cherehani, akaikanyaga kwa hasira hadi sindano ikakatika.

Jioni ile kaka alirudi, akala, akatutabasamia sote, akaingia kuoga. Simu akaisahau mezani, nayo ikatetemeka ikazunguka kama kombamwiko aliyepinduka. Wifi hakuiba kuisoma. Ilijisoma yenyewe, maneno yalikuwa juu. Yametoka kwa dada wa tiketi. *Kesho nimebadilisha zamu niwe nawe. Usiwe na wasiwasi.*

Wifi akaiweka pale pale ilipokuwa. Hakulia. Ningependa alie.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema taratibu. "Kesho navuka. Nikiona kwa macho yangu haya, narudi kwetu na cherehani zangu zote mbili. Wewe na kaka yako mtabaki mnashona kwa vidole."

Nilicheka kidogo, kisha kicheko kikanikauka. Hakuwa anatania. Nyumba ile ilisimama juu ya ndoa ile, na mimi nilikuwa nimejibanza ndani yake kama pindo. Nikamwambia tutakwenda wote. Nilijidanganya kwamba nakwenda kuzuia shari. Ukweli ni kwamba na mimi nilikuwa nimeanza kushuku, nikamtazama kaka alipotoka bafuni anajifuta shingo, nikajiuliza kama namjua.

Asubuhi wifi alijitanda mtandio mkubwa, akavaa miwani yangu ya jua iliyolegea mkono mmoja. Alionekana kama mtu aliyetoka kuvunja duka. Tulifika kivukoni wakati magari yanapakiwa. Dereva peke yake ndiye anayeruhusiwa kuingia na gari. Abiria wake hushuka na kupita kwa miguu kwenye njia iliyopakwa rangi ya njano, nasi tukaifuata na kujificha nyuma ya lori la saruji. Kaka alikuwa kule mbele na jaketi lake la rangi ya chungwa, ameshika ndoano, amenyooka. Nilijisikia fahari, kisha nikakumbuka nimekuja kufanya nini.

Dada wa tiketi alipita katikati ya watu akikagua. Mwanamke wa makamo, viatu vya raba, mkoba wa kiunoni. Nilitegemea midomo myekundu na manukato, nikaona mtu aliyechoka miguu. Hilo lilimkera wifi zaidi. "Angalau angekuwa mzuri," akanong'ona, "ningeelewa."

Tulipokaribia ng'ambo, watu wakasogea mbele. Dada wa tiketi akasogea naye. Akasimama ubavuni kwa kaka, karibu mno, macho yake yakitazama maji juu ya bega la kaka. Ulimi ukashuka, ukagonga saruji, kivuko kikarudi nyuma kidogo kama mtu aliyekanyagwa, kikatulia. "Imekaa!" akaita mshika kamba. Mimi nilisikia toka nyuma ya lori. Kaka hakutikisika. Alikuwa anatutazama sisi abiria kwa utulivu wake. Ndipo dada yule akanyoosha vidole viwili, akamgusa kiwiko, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya wagonjwa. Mnyororo ukaanguka.

Kitu kikanisumbua, kama kokoto ndani ya kiatu. Kwa nini hakufungua alipoitwa? Lakini mtu aliyekwisha kushuku kila anachokiona anakitia kapu lilelile. Nikasema moyoni: kumbe anangoja mkono wa mwanamke wake.

"Umeona?" wifi akaniuliza gatini.

"Nimeona."

"Sema sasa kaka yako hawezi."

Wifi akavua miwani, akaifuta kwa mtandio, akaivaa tena. "Tunarudi na kivuko hikihiki," akasema, "na safari hii nasimama mbele."

Kweli alisimama mbele. Nilijaribu kumshika nguo, nikabaki nyuma ya mzee mwenye baiskeli na mama mwenye beseni la nyanya. Kivuko kilikuwa kimejaa. Katikati ya maji watu walianza utani wao wa kila siku. "Bwana Subiri, ngoja ngoja huumiza matumbo!" akasema mmoja. Kaka alitabasamu, akachelewa kidogo, akajibu kwa sauti yake kubwa ya siku hizi, "Haraka haraka haina baraka!" Watu wakacheka. Hakuna aliyegundua kwamba jibu lile angeweza kulitoa kwa utani wowote.

Dada wa tiketi hakuwepo. Niligeuka nikamwona kule nyuma anabishana na kijana wa suti aliyekuwa anataka kurudi ndani ya gari lake kabla hatujafika. "Shuka, kaka. Tukigonga na wewe umefungiwa humo, nani atakutoa?" Kijana anashuka mguu mmoja, anabakiza mwingine. Na gati linakaribia.

Kaka akaanza kumtafuta. Nilimwona akinyoosha shingo juu ya vichwa vya watu, macho yanakwenda huku na huku, na jasho linamtoka, jasho lilelile la kipande cha sukari. Wifi naye alimwona. Alisimama mbele yake kabisa, mtandio umemfunika hadi kidevuni, na mumewe anamtazama juu ya kichwa akimtafuta mwanamke mwingine. Mimi pia ningepasuka.

"Unamtafuta, siyo?" akapiga kelele, akamkamata kiwiko kwa mkono wote. "Mwanamume wewe!"

Kaka hakumtazama. Uso wake ulilegea kwa nafuu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akafungua ndoano.

Ulimi ulikuwa bado unaning'inia hewani. Chini yake maji yalikuwa yanachemka kati ya chuma na saruji. Lakini mnyororo ulianguka, na watu wale walikwisha kufundishwa na kaka mwenyewe: mnyororo ukianguka, tembea. Walio nyuma hawaoni kitu, wanasukuma. Walio mbele wanaona, na hawana pa kurudi.

"Bado! Bado! Funga!" mshika kamba akapiga kelele nchi kavu. Honi ya nahodha ikalia juu yetu hadi meno yakaniuma. Nikapiga kelele, "Kaka!" kwa nguvu zangu zote, nami nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Hakugeuka. Alikuwa anatazama watu wakipita kwa uso uleule wa mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. Katika yote ya siku ile, uso ule ndio unaonirudia.

Kivuko kikagonga gati, kikaruka nyuma. Sote tukayumba. Beseni la nyanya likaanguka, nyanya zikabingirika kwenye ulimi na kumwagika kwenye ufa wa maji. Ulimi ukapiga saruji juu yazo, ukainuka tena, mwekundu. Baiskeli ya mzee ikatumbukia majini, mwenyewe akabaki amekumbatia nguzo. Na wifi yangu, aliyesombwa na watu, alikuwa ukingoni kabisa, mguu mmoja hewani, kiatu kimekwenda.

Hapo kaka akaona. Sijui aliona nini kwanza, mguu au mtandio ulioanguka. Alimrukia, akaikamata nguo yake kwa mgongoni. Nguo ile wifi alijishonea mwenyewe, mishono miwili kila upande kama kawaida yake ya kutomwamini hata uzi. Ilishika. Akamvuta kwa mkono mmoja, na kwa mgongo wake akawasukuma watu wote wale nyuma akinguruma, "Subiri! Subiri!" Dada wa tiketi akafika mbio, akaunyakua mnyororo na kuufunga.

Nahodha akarudisha kivuko nyuma ili aje upya. Kwa muda tukawa tunaelea, karibu na gati na mbali nalo.

Kisha vinywa vyote vikafunguka. "Unataka kutuua?" "Hukusikia wanakuita?" "Baiskeli yangu je?" Kaka akawa anageuza kichwa kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, mwingine, mwingine, kama mtu aliyerushiwa mipira mingi kwa mpigo. "Nimeguswa," alikuwa anasema. "Nimeguswa, nikafungua."

Wifi alikuwa ameketi chini analia, mguu mmoja peku. Aliposikia neno lile akainua uso. Akamtazama mumewe anavyohangaika na midomo ya watu. Kilio kikakatika. Namjua mke wa kaka yangu: hakuna jambo analolipokea bila kuvuta uzi wake mpaka mwisho. Akasimama, akaenda mbele yake, akamtazama sawasawa. Nilikuwa nimesimama nao bega kwa bega. Nikaona midomo ya wifi inasema, polepole, bila sauti hata chembe: Unanisikia?

"Nakusikia, mke wangu," kaka akajibu kwa nguvu. "Si niko hapa?"

Waliokuwa karibu walisikia jibu. Hakuna aliyesikia swali. Kelele zikapungua kuanzia pale tuliposimama, zikapungua hadi kwenye magari.

Mungu anisamehe, wakati ule nilitamani dada yule angekuwa hawara. Hawara tungemfukuza, tukagombana, tukapatana.

Dada wa tiketi alikuwa ameinamisha kichwa. "Injini ilimmaliza masikio kidogo kidogo," akasema. "Aliniomba nisiseme. Amebakiza kidogo tu astaafu. Mimi nikaona nitakuwa masikio yake, kuna ubaya gani?"

"Ungeniambia mimi," wifi akasema.

"Ningekuambia, ungenishuku."

Mama wa nyanya, aliyekuwa ameshika beseni tupu, akasema bila hasira, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Leo nusura kituumbue sote." Nami sikumwonea kaka huruma tu, nilimkasirikia pia. Watu wote wale kila siku, watoto migongoni, na kilichowatenga na ule ufa ni vidole viwili vya mwanamke mwenye huruma.

Kivuko kikaja tena gatini, taratibu. Ulimi ukashuka, ukagonga, ukatulia. "Imekaa!" akaita mshika kamba, safari hii karibu apasue koo. Sote tulisikia. Hakuna aliyesogea. Tulimtazama kaka, uso kwetu, mgongo kwa maji, mkono kwenye ndoano, anangoja. Dada wa tiketi akainua vidole vyake viwili, akavishusha.

Kaka alitusoma nyuso, mmoja mmoja. Nadhani alijisoma humo. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya: akageuka, akatupa mgongo. Akainama, akautazama ulimi kwa macho yake mwenyewe, kushoto, kulia, mpaka akaridhika. Watu mamia nyuma yake, na hakuna aliyeinama kupita chini ya mnyororo. Akafungua.

Tulishuka mmoja mmoja, kila mtu anatazama anapokanyaga. Yule kijana wa suti alitembea nyuma ya gari lake.

Kaka alivua jaketi la chungwa, akalikunja, akampa dada wa tiketi. Halafu akaanza kupanda ngazi za chuma kwenda chumba cha nahodha. Wifi akamfuata vilevile na kiatu kimoja, wakaingia, mlango ukafungwa. Sisi tulisimama gatini, hakuna aliyekuwa na haraka tena.

Kaka alidhani ananong'ona. Siku zile, kwake, kila sauti ilikuwa mnong'ono.

"Nahodha," tukasikia kutoka kule juu, "nina jambo la siri. Mimi sisikii. Sisikii kabisa. Nisaidie, watu wasijue."

Gati zima lilisikia.